Amelowa au Hajalowa

Nimezaliwa mahali ambapo maneno ya kulowa yalikuwa mengi kuliko maji yenyewe. Kijiji chetu kiko upande wa Shinyanga ambako mvua ikianza watu hutoka nje kuitazama, na ni huko huko ambako baba yangu, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, aliona panafaa kufundisha watoto tofauti ya kulowa na kutota. Tulikaa darasani miguu imepauka, wengine hatujaoga tangu juzi kwa sababu ya foleni ya kisimani, tukiimba kwa sauti moja: unyevu, chepechepe, kulowa, kulowa chapachapa, kutota. Ilikuwa ngazi. Baba aliichora ubaoni na juu yake akaweka mtu aliyetota, ila hakuwa na kichwa, kwa kuwa chaki iliisha mabegani.

Ngazi hiyo niliijua kabla sijajua kusoma saa. Chepechepe, alisema baba, ni ya ardhi na ya soksi. Tepetepe ni ya matope, nayo ni jamaa ya kutepeta, ndiyo maana mvivu na njia ya bondeni wanaitwa jina moja. Kulowa ni neno la Kibantu, lina ndugu kwenye lugha ambazo sisi hata salamu zake hatuzijui, na limezaliwa kabla ya mwavuli. Hapo alisimama kidogo, maana mwavuli alikuwa na kesi nao. Asili yake ni kivuli, alisema, hauna habari na mvua, na kwa mara ya kwanza darasa zima tulimwelewa, kwa kuwa kwetu miavuli ilikuwa ya jua. Chapachapa aliamini imetokana na nguo mbichi inavyomchapa mtu miguuni anapotembea. Hakuwa na ushahidi, lakini alitembea mbele ya darasa akijipiga mapaja kwa kitambaa cha kufutia ubao mpaka tukakubali. Na kutota lilikuwa neno la watu wa pwani, la chombo kilichozama. Mtu aliyetota ni yule ambaye maji yamempita.

Nyumbani ilikuwa sheria. Mvua ikinikuta njiani, baba alisimama mlangoni na swali lake. Hakuuliza kama nimelowa, kwa kuwa macho alikuwa nayo. Aliuliza, "Umelowaje?" Ukijibu "nimetota" na mgongo wako una kipande kikavu chini ya begi la shule, unarudishwa ngazi moja chini, unasimama pale unachuruzika mpaka upate neno lako halali. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na utaratibu mwingine. Alinifunika khanga kwanza, akanisugua kichwa, halafu ndipo aulize nilikuwa wapi. Nilidhani hiyo ndiyo tofauti ya mtu aliyesoma na asiyesoma.

Neno moja tu lilimsumbua baba, nalo ni kubatiza. Sisi tulikuwa kanisa la kunyunyiza. Mimi mwenyewe nilibatizwa mchanga kwa matone matatu, na nasikia la tatu lilimwangukia mama. Lakini baba alikuwa na kamusi, na kamusi ilimwambia kwamba neno lile lilipotoka mbali huko maana yake ilikuwa kuzamisha, kuchovya kitu mpaka kipotee. Alilisoma jambo hilo, akafunga kamusi, akaenda kanisani Jumapili kama kawaida. Nilipomuuliza alisema maneno yana asili na watu wana mazoea, na kwamba nisilirudie mbele ya mchungaji wetu.

Nikakua, nikaondoka. Nikauza vitenge Kahama, pale Nyasubi, kisha nikasogea Katoro, ambako watu wa dhahabu wananunua vitenge bila hata kuvikunjua. Huko nikampata mchumba, mwenye karasha, mashine ile ya kusaga mawe ya dhahabu. Alikuwa mweupe wa vumbi kuanzia asubuhi mpaka anapooga, na mcheshi kupita kiasi. Shida haikuwa yeye. Shida ilikuwa mama yake, mzee wa kanisa, muuza dagaa, mwanamke mwenye mikono ya kukamua hata jiwe. Kanisa lao lilikuwa la kuzamisha. Matone yangu matatu aliyasikiliza kwa adabu, kisha akasema kwetu huku tunajua dhahabu ya kuchovya na dhahabu yenyewe, na mwanawe hataoa ya kuchovya. Nibatizwe upya, Jumamosi, lamboni. Harusi Jumapili.

Sasa niseme jambo la kichwa, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini nilifanya ujinga nilioufanya. Sikuwa na nywele. Yaani nilikuwa nazo za nyuma, kama pazia la dirisha la nyuma ya nyumba, lakini kuanzia paji la uso mpaka utosini palikuwa peupe. Miaka ya rasta za kubana mpaka macho yanavutika, halafu dawa kali niliyowekwa na fundi mmoja aliyekwenda kupokea simu akanisahau. Tangu siku hiyo sikuonekana kichwa wazi na mtu yeyote, hata baba. Nilikuwa naunga nywele kwa gundi, nafunga kilemba, nalala na kilemba. Mchumba wangu hajui, mama yake hajui, na nilikuwa nimejiapiza kwamba watajua nikiwa na watoto watatu, wakati kurudishwa kwetu kungekuwa usumbufu kwa kila mtu.

Nywele za harusi niliwekewa Ijumaa, kwa kuwa Jumamosi fundi alikuwa na maharusi wengine wanne. Zilikuwa nzuri. Mawimbi mpaka mabegani, na lulu za plastiki zimepangwa kama mbegu za papai. Fundi aliniapia kwamba gundi ile haitoki hata kwa nyundo. Hakusema lolote kuhusu maji, nami sikuuliza, kwa sababu jibu nililijua.

Ninachotaka mkumbuke ni ule utaratibu wao wa kushuhudia. Mwanamke anayebatizwa pale hufunga kitambaa cheupe kichwani, ncha yake ikining'inia mgongoni. Akiibuka, mzee wa kanisa wa kike anayesimama majini humshika kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anaikamua ile ncha watu wote waone. Maji yakichuruzika anapaza sauti, "Amelowa!" na waumini ukingoni wanajibu, "Amelowa kweli!" Hapo ndipo umebatizwa. Kabla ya hapo umeoga tu. Nilikwenda kuangalia ubatizo wa watu wengine mara mbili, nikaona kwamba anachokamua ni ncha, kichwa hakifunuliwi. Nikaenda dukani nikanunua kofia ya nailoni ya kuogea.

Jumamosi ile jua lilikuwa kali tangu saa tatu. Lambo lilikuwa la ng'ombe, nje kidogo ya Katoro, maji yake rangi ya chai ya maziwa, na ng'ombe wenyewe wamezuiwa upande wa pili wakitutazama kwa dharau. Baba alikuwa amefika kwa basi akiwa na suti yake ya pekee, ya kijivu, na kofia yake ya pama. Suti ile ilishonwa alipostaafu na ilikuwa imevaliwa kwenye misiba mikubwa tu. Mama mkwe mtarajiwa alimwamkia vizuri, "Shikamoo Mwalimu," akampa kiti ukingoni kabisa ili aone kwa karibu jinsi wenzake wanavyobatiza. Nadhani ilikuwa kejeli. Baba alikaa, akakunja mguu, akasema marahaba.

Nikaingia majini na joho jeupe, juu kitambaa, chini ya kitambaa nailoni, chini ya nailoni lulu, chini ya lulu gundi, na chini ya gundi mimi. Mchungaji, mtu wa Kigoma mwenye mikono mirefu, alinishika pua na kisogo akanizamisha mpaka nikagusa tope. Niliibuka nikiwa nashukuru. Sikio lilikuwa na maji, moyo ulikuwa umetulia. Mama mkwe akanishika kichwa kwa ule mkono wa kwanza, akaanza kukamua ncha kwa mkono wa pili, maji yakamwagika vizuri kabisa, akafungua mdomo, na kichwa changu kikalia.

Nailoni ndivyo ilivyo. Ukiishika inatangaza. Ilisema kwacha kwacha pale kwenye kimya cha watu wote, naye akafunga mdomo, akanibonyeza tena mahali pale pale. Kwacha.

"Nini hiki?" aliuliza. "Mbona kichwa kinaongea?"

Nikasema ni kofia ya kuogea, mama, nimewekwa nywele za harusi jana. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini maji yanabeba sauti, na ukingoni nilisikia "eeeh!" ya watu wengi. Mchungaji, ambaye alikuwa na watu wengine watano wa kuzamisha na ng'ombe walioanza kulalamika, alitaka tupite. Alisema mwili wote umezama, kofia na chote kilichomo. Mama mkwe akasema kuzama si hoja, hata mchimbaji anazama kwenye duara, shimo lake la dhahabu, kila siku na hajawa mtakatifu. Anachoshuhudia yeye ni kulowa, na hawezi kusema uongo mbele za Mungu kwa ajili ya saluni. Wakavutana hapo nikiwa katikati, maji kiunoni, kila mmoja akinishika bega lake.

Ndipo mchungaji akafanya kosa ambalo lingeweza kufanywa tu na mtu anayetafuta njia ya mkato. Alimgeukia baba. Alisema, "Tunaye Mwalimu hapa, mtu wa lugha. Mwalimu, tusaidie. Mtu aliyezama na kofia ya nailoni, huyo amelowa au hajalowa?"

Nilimtazama baba. Nilimtazama kwa macho yote niliyonayo. Maisha yangu yalikuwa kwenye mdomo wa mzee yule, na alichotakiwa kusema ni neno moja, amelowa, nasi twende tukale pilau. Wala isingekuwa uongo mkubwa. Alivua miwani akaifuta kwa tai. Nilijua anafuta miwani anapokwenda kuwa sahihi.

Alisimama. Alisema lugha yetu ni tajiri katika jambo hili. Alianza na unyevu. Watu wa Katoro, ambao wengi wametoka kila pembe ya nchi na Kiswahili chao wamekiokota njiani, walimsikiliza kwa heshima kubwa. Alipanda ngazi yake yote, alipofika chapachapa akajipiga mapaja kidogo, na kule juu akatangaza hukumu. Kuzama na kulowa ni mambo mawili. Soda ikishushwa kisimani ipoe, chupa imezama, lakini soda haijalowa. Mwili wa binti yake umetota, hana ubishi. Kichwa, kwa mujibu wa lugha, ni kikavu.

"Gete," alisema mzee mmoja nyuma, kwa Kisukuma, yaani kweli kabisa, na watu wakatikisa vichwa. Baba akakaa. Alikuwa na uso wa mtu aliyejibu swali la mtihani. Nilimchukia. Sisemi nilikasirika, nasema nilimchukia, kwa dakika nzima, pale majini, na nikamkumbuka mama na khanga yake.

"Basi vua," alisema mama mkwe. Hakuwa mkali sasa, alikuwa ameshinda. "Nywele zitatengenezwa tena mwanangu. Roho haina saluni. Lakini bila kichwa kulowa, kesho hakuna harusi."

Nilifikiri kukimbia. Nikatazama upande wa ng'ombe, nao wakanitazama. Nikamtazama mchumba wangu aliyesimama ukingoni na simu mkononi, anarekodi, anatabasamu, hajui kwamba anakaribia kurekodi talaka kabla ya ndoa. Wahenga walishasema ukiyavulia nguo maji sharti uyaoge. Nikafungua kitambaa. Nikavua nailoni. Zile nywele zikashuka mabegani na lulu zake zote, kavu, zinang'aa kwenye jua, na akina mama wa ukingoni wakapiga vigelegele bila kukusudia. Ulikuwa uzuri wa sekunde tano. Kisha mchungaji akanishika pua.

Maji ya lambo yanapata joto saa zile, na gundi ikipata joto inasahau ahadi zake. Chini kule nilihisi kichwa kinakuwa chepesi. Nilipoibuka sikufungua macho. Nilisikia sauti ya mama mmoja ikipiga yowe, "Fisimaji! Fisimaji!" Nikafungua macho nikaona nywele zangu zinaelea kuelekea kwa ng'ombe, zimejikunja, lulu zinatoa macho pande zote. Watu wakarudi nyuma, kiti kikaanguka. Kisha mmoja mmoja waliacha kutazama nywele wakanitazama mimi.

Sijui kama mmewahi kusimama mahali ambapo upepo unapita sehemu ya mwili wenu ambayo kwa miaka tisa haijaguswa na upepo. Nilifunika kichwa kwa mikono. Mikono haikutosha. Niliona aibu kiasi kwamba nilitamani mchungaji anirudishe chini anisahau huko, na niliona mama mkwe ameduwaa na mkono wake hewani, hana ncha ya kukamua, na nikajua imekwisha.

Ndipo nikasikia maji yanapasuka nyuma yangu. Alikuwa baba. Aliingia na viatu. Aliingia na suti ya misiba, na miwani, na saa yake ya mkononi, mzee ambaye maisha yake yote alivuka hata dimbwi kwa kupima kwanza. Alitembea mpaka maji yakamfika kifuani, kwa kuwa ni mfupi, na nilipogeuka alikuwa tayari amevua ile kofia ya pama. Aliniwekea kichwani, akaishusha mpaka masikioni kwa mikono miwili. Hakuuliza kitu. Alinifuta uso kwa kiganja akaniambia, "Mayu," yaani mama yangu, kama mtu wa kwetu anavyomwita mtoto wa kike, basi. Kisha akaendelea mbele akazifuata zile nywele, akazishika kabla ng'ombe hawajazifikia, akazikamua vizuri, akazikunja akazitia mfuko wa ndani wa koti.

Mchumba wangu alikuwa wa kwanza kupata sauti, na alivyo, hakuchagua ya kufaa. Alipaza kutoka ukingoni, "Mama, endelea tu! Mimi nilishajua tangu siku ya helmeti! Kishungi kimoja ninacho nyumbani!" Ni kweli, mwezi mmoja nyuma tulikwenda Geita kwa bodaboda, na nilipovua helmeti pale Kalangalala nilihisi kitu kimebaki ndani, nikajifanya sijahisi. Alikuwa amekitunza. Watu walicheka mpaka ng'ombe wakasogea, na hilo sijamsamehe mpaka leo, ingawa tuna watoto wawili.

Lakini kicheko kilipoisha kila mtu alimtazama mama mkwe, kwa sababu neno lilikuwa lake. Alinisogelea. Alishika ukingo wa kofia ya baba iliyokuwa imeanza kunywa maji kutoka utosini kwangu, akaukamua, matone yakadondoka. Macho yake yalikuwa mekundu, pengine ni lambo. "Amelowa!" alipaza. "Amelowa kweli!" wakajibu, na wengine wakaongeza chapachapa, kwa kuwa walikuwa wametoka kufundishwa.

Kisha akamgeukia baba, ambaye alisimama anachuruzika mikono na tai, kipara chake mwenyewe kiko wazi juani, suti imemng'ang'ania mwili. Nadhani alitaka kumtania kidogo ili sote tupumue. "Na wewe Mwalimu," alisema, "umelowaje?"

Watu walisubiri ngazi. Mimi pia nilisubiri. Baba alifungua mdomo, akautafuta mkono wangu chini ya maji akaushika.

"Nimelowa tu, mama," alisema.